Droni ikikatika mawasiliano, hurudi wapi?

Na mhudumu wa afya wa kujitolea, Mbau

Katika toleo hili napenda tuzungumze kuhusu chombo ambacho wengi wetu tumekiona kikipita juu ya vichwa vyetu, lakini wachache tumewahi kuelezwa habari zake. Ni ndege ndogo isiyobeba rubani, ambayo watu wengi huiita droni. Nimeandika kwa sababu ya tukio nililoliona kwa macho yangu, na kwa sababu ya swali ambalo bibi mmoja aliniuliza siku ileile.

Ilikuwa asubuhi. Timu ndogo ilikuja kupiga picha za madimbwi ambamo mbu huzaliana. Aliyeshika rimoti alikuwa kijana anayejifunza urubani, na mwalimu wake alikuwa pembeni. Kijana aliirusha droni kutoka kwenye uwanja ulio karibu na bomba la maji. Saa ile palikuwa wazi kabisa. Baadaye jua likawa kali, akasogea mpaka chini ya mwembe, kama hatua mia moja kutoka pale. Droni ikapita nyuma ya minazi na mawasiliano yakakatika. Kijana akaanza kutetemeka. Mwalimu akamwambia, "Tulia, itarudi yenyewe."

Kweli, ilirudi. Lakini haikuja kwenye mwembe. Ilikwenda moja kwa moja juu ya uwanja wa bomba, pale iliporukia, ikaanza kushuka. Wakati huo kina mama walikuwa wameshapanga foleni na ndoo zao, na watoto walikuwa wanakimbilia chini ya droni wakishangilia. Mwalimu alikimbia huku akipiga kelele watu waondoke. Kwa bahati, ilipokaribia mawasiliano yalirudi, na kijana akaweza kuipandisha tena juu. Hakuna aliyeumia.

Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniuliza: "Mjukuu wangu, hicho kidude kimerudi chenyewe kama mbuzi wa jioni. Nani amekionyesha njia? Na mbona hakikumwona mwenyewe alipo?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

KWA NINI WANAOANZA HUPOTEZA DRONI?

Kurusha droni kunaonekana rahisi kwa anayetazama, lakini mwanafunzi hukutana na mambo manne yanayomchanganya.

La kwanza ni mwelekeo. Droni ikiwa imekupa mgongo, ukisukuma kijiti cha rimoti kulia inakwenda kulia. Ikigeuka ikakutazama, ukisukuma kulia inakwenda kushoto kwako. Ikifika mbali inaonekana kama nukta tu, huwezi kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Mwanafunzi hudhani anairudisha, kumbe anaifukuza.

La pili ni mawasiliano. Rimoti na droni huzungumza kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hudhoofika kwa umbali, na huzuiwa na kilima, majengo au msitu mnene.

La tatu ni betri. Droni nyingi ndogo huruka dakika 20 hadi 30 tu kwa betri moja. Mwanafunzi akinogewa na picha husahau kwamba kuna safari ya kurudi.

La nne ni upepo. Huko juu upepo huwa na nguvu kuliko hapa chini tulipo, na rubani aliyesimama kivulini haujui.

Zamani, mtu aliyerusha ndege ndogo za rimoti akipatwa na mojawapo ya haya, kwa kawaida ndege yake iliishia kuanguka au kupotea. Mabadiliko makubwa yalikuja pale kompyuta ndogo, dira na kipokezi cha setilaiti, yaani GPS, vilipowekwa ndani ya droni za bei nafuu. Mfano unaojulikana ni droni ya Phantom, iliyotolewa na kampuni ya DJI ya China Januari 2013. Hata mtu asiye na uzoefu aliweza kuirusha, na ikipoteza mawasiliano iliweza kurudi yenyewe. Uwezo wa namna hii tuuite kinga za dharura.

KINGA ZENYEWE NI ZIPI?

1. Kusimama hewani. Mwanafunzi akichanganyikiwa, jambo la kwanza analofundishwa ni kuachia vijiti vya rimoti. Droni yenye GPS hujishikilia mahali ilipo na kwa urefu uleule, hata kama upepo unaisukuma kidogo. Hapo rubani anapata nafasi ya kuvuta pumzi na kufikiri. Kinga hii ni ndogo, lakini huenda ndiyo inayookoa droni nyingi, kwa sababu makosa mengi ya mwanafunzi hutokana na hofu.

2. Kurudi nyumbani. Kabla ya kuruka, droni hutafuta setilaiti angani mpaka ijue mahali ilipo kwa uhakika. Kisha huweka alama mahali hapo na kupahesabu kuwa ndipo nyumbani kwake. Mawasiliano yakikatika, hupanda mpaka urefu iliopangiwa, huja kwa mstari ulionyooka hadi juu ya nyumbani, kisha hushuka na kutua. Rubani mwenyewe pia anaweza kuiita kwa kubonyeza kitufe. Kitufe hiki humfaa sana mwanafunzi aliyepoteza mwelekeo.

3. Kuchunga betri. Droni nyingi hupiga hesabu wakati zikiruka: nyumbani ni umbali gani, na umeme uliobaki unatosha? Ukikaribia kutotosha, droni humwonya rubani kwa mlio na maandishi. Asipojali, huanza safari ya kurudi yenyewe. Betri ikifika mwisho kabisa, hushuka na kutua hapohapo ilipo, iwe ni shambani, juu ya nyumba au majini.

4. Mipaka. Rubani anaweza kuipangia droni isivuke umbali fulani wala urefu fulani. Droni nyingi za DJI zilikuja na hali maalumu ya wanaoanza, ambayo huizuia isipite mita 30 kutoka nyumbani wala mita 30 kwenda juu. Ni kama kumfunga mbuzi kamba mpaka azoee malisho. Baadhi ya droni pia zina ramani ya viwanja vya ndege na hukataa kuruka karibu navyo.

5. Macho ya kukwepa. Droni nyingine zina kamera au vipimo vya kuona kilicho mbele, nazo husimama kabla ya kugonga. Za bei ndogo mara nyingi hazina macho hayo, au zinayo upande mmoja tu.

Tukumbuke kwamba siyo kila droni ina kinga hizi zote. Droni za mashindano, kwa mfano, nyingi hupangwa kuzima mota na kuanguka pale mawasiliano yanapokatika, ili zisiende kumdhuru mtu mbali. Kwa hiyo rubani lazima ajue chombo chake kimepangwaje kabla hakijaondoka ardhini.

MASHINE HUTII ILICHOAMBIWA

Sasa tumjibu bibi. Droni haikumwona mwenyewe kwa sababu haimtafuti mwenyewe. Inatafuta alama iliyowekwa wakati wa kuruka. Kijana alisogea mwembeni, alama ikabaki bombani. Droni ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Watu ndio walioacha kufikiri.

Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka tulielewe. Kinga ya dharura humsaidia mwanafunzi asipoteze droni, lakini haimwondolei wajibu wa kuiandaa. Inarudi pale ilipoambiwa na kwa urefu ulioambiwa, haiangalii kama tangu hapo mambo yamebadilika. Hebu tuone mifano inayohusu pwani yetu.

Minazi. Droni kadhaa hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa kurudi kwa urefu wa mita 30. Mnazi mrefu huweza kufika mita 30, na minara ya simu hupita hapo. Droni isiyo na macho itarudi kwa mstari ulionyooka na kuingia kwenye makuti. Kwa hiyo kabla ya kuruka, rubani anatakiwa atafute kitu kirefu kuliko vyote katika eneo lile, kisha aongeze mita kadhaa juu yake. Vilevile aina kadhaa za droni zikiwa karibu sana na nyumbani hazipandi kwanza. Hutua palepale au huja kwa urefu zilionao. Kwa hiyo hata mti ulio hatua chache tu ni hatari.

Bahari. Mtu akirusha droni kutoka kwenye boti au dau, nyumbani huwekwa pale chombo kilipokuwa dakika ile. Boti husogea kwa mkondo na upepo, lakini alama haisogei. Droni itarudi kwa usahihi na kutua ndani ya maji. Baadhi ya droni huruhusu rubani kuibadilisha alama ikiwa hewani, lakini anayeanza asitegemee hilo. Aanzie nchi kavu.

Upepo. Mabaharia wetu hawahitaji kufundishwa hili. Ukitoka na upepo mgongoni utafika haraka, lakini kurudi kutakutoa jasho. Siku ya kusi kali, droni iliyokwenda upande upepo unakovuma hutumia betri kidogo kwenda na nyingi kurudi. Baadhi ya droni hukadiria jambo hili, baadhi hukosea. Na upepo ukizidi mwendo wa droni, itaelekea nyumbani huku inarudishwa nyuma mpaka betri iishe. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa aanze kwa kwenda kinyume cha upepo, ili wakati wa kurudi upepo umsaidie. Pia aanze kurudi mapema, asingoje mlio wa onyo.

Bati na vyuma. Dira ya droni husumbuliwa na chuma. Kuirushia juu ya paa la bati, juu ya gari au juu ya zege lenye nondo ndani kunaweza kuifanya ishike mwelekeo usio sahihi. Dira ikikosea, hata safari ya kurudi nyumbani inaweza kukosea.

Haraka. Mwanafunzi mwenye pupa huruka kabla droni haijapata setilaiti za kutosha. Matokeo yake alama ya nyumbani haiwekwi, au huwekwa mahali pengine. Bila GPS, hata ile kinga ya kusimama hewani hudhoofika, na droni huchukuliwa na upepo. Dakika moja ya kungoja inatosha kuepuka hasara hiyo.

Waya na giza. Macho ya droni hayaoni vizuri waya mwembamba, kamba ya kuanikia nguo, tawi kavu, wala kitu chochote gizani.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Visiwani Zanzibar, mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha visiwa vyote kwa droni ili kutengeneza ramani. Kamisheni ya Ardhi Zanzibar ilishirikiana na Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Eneo lililokusudiwa lilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Wanafunzi wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliofunzwa kazi hiyo. Walitumia droni zenye mabawa zinazoitwa eBee. Hizi zimetengenezwa kwa povu gumu, zina uzito usiofika kilo moja, hurushwa kwa mkono na hutua kwa tumbo. Rubani huichorea njia kwenye kompyuta, nayo hufuata, na kinga zake humrudisha mwanafunzi kwenye usalama pale jambo linapokwenda vibaya. Wepesi wake pia ni kinga: kitu chepesi cha povu kikianguka hakidhuru kama kitu kizito cha chuma.

Hukohuko Zanzibar, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth cha Uingereza na Mpango wa Kutokomeza Malaria Zanzibar walitumia droni ndogo ya Phantom kutafuta maji wanamozaliana mbu wa malaria. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2017 walionyesha kwamba shamba la mpunga la hekta 30 linaweza kupigwa picha kwa dakika 20. Mtu akizunguka kwa miguu kwenye tope atachukua muda mrefu zaidi, na madimbwi mengine hatayaona. Kwetu sisi tunaoishi na malaria kila msimu wa mvua, faida hiyo ni kubwa.

Hapa Msumbiji, kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019, wataalamu wa taasisi ya serikali ya kushughulikia maafa, wakati huo ikiitwa INGC, walirusha droni kuangalia uharibifu. Walikuwa wamefunzwa kwa ushirikiano na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Wiki chache baadaye, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kikaingia mkoani kwetu Cabo Delgado. Wengi tunaikumbuka siku hiyo, na kipindupindu kilichofuata Pemba. Barabara zikikatika, picha za kutoka juu husaidia kujua nani amezungukwa na maji.

Nchini Malawi, mwaka 2017 serikali pamoja na UNICEF zilifungua eneo maalumu la majaribio ya droni huko Kasungu. Mwaka 2020 chuo cha kufundishia vijana wa Afrika kazi za droni kilifunguliwa Lilongwe. Faida ya eneo la majaribio ni kwamba mtu anaruhusiwa kukosea mahali ambapo kosa halimwangukii mtu.

Nchini Rwanda, droni za kampuni ya Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini Oktoba 2016 kutoka kituo cha Muhanga. Hizo zina kinga nyingine: zikipata hitilafu kubwa angani, hufungua mwavuli na kushuka polepole.

Katika mifano hii yote, kinga iko ndani ya mashine na pia iko kwa watu. Kuna mafunzo, kuna mahali maalumu, na kuna wananchi waliopewa taarifa.

SISI WAKAZI TUFANYE NINI?

Wengi wetu hatutashika rimoti. Lakini droni ya mwanafunzi ikirudi yenyewe, sisi ndio tutakaokuwa chini yake. Kwa hiyo na sisi tuna sehemu yetu.

• Timu ikija, tuulize kupitia viongozi wetu: Mnarusha kwa ajili gani? Mmepewa kibali? Mnarushia wapi, na itatua wapi? Ni haki yetu kujua, pia kujua kama tutapigwa picha. Urushaji wa droni nchini unahitaji ruhusa, na mamlaka ya usafiri wa anga ni IACM.

• Mahali pa kurukia pazungushiwe kamba au majivu, na awepo mtu wa kupalinda mpaka droni itue. Pasiwe karibu na bomba, shule, soko wala zahanati. Hata kama rubani amesogea, mahali pale pabaki wazi, kwa sababu ndipo nyumbani kwa droni.

• Wazazi tuwaambie watoto: droni ikishuka, tunarudi nyuma, hatuikimbilii. Usiidake kwa mkono. Usiipige jiwe wala fimbo, kwani ikianguka haichagui kichwa.

• Ukisikia mlio wa droni na moyo ukaenda mbio, usione haya. Baada ya mambo tuliyoyapitia tangu Oktoba 2017, na kwa kuwa droni zimetumika pia vitani, hofu hiyo ni ya kawaida. Zungumza na mhudumu wa afya, na mtoto anayelia au kujificha asichekwe. Taarifa ikitolewa siku moja kabla, hofu hupungua.

• Ukikuta droni au kitu chochote usichokifahamu kimeanguka shambani, porini au ufukweni, usikiguse, usikisogelee, usikirushie kitu. Huwezi kujua ni cha kupiga picha au ni kilipuzi. Rudi kwa njia uliyojia, wazuie wengine, kisha toa taarifa kwa kiongozi wako.

IKITOKEA AJALI

Mapanga ya droni huzunguka kwa kasi kubwa na hukata ngozi. Mtu akikatwa, hakikisha kwanza mota zimezima. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia mpaka damu isimame, na inua mkono au mguu ulioumia. Kama ni jeraha dogo, lioshe kwa maji safi na sabuni. Usiweke majivu, tumbaku wala kinyesi cha mnyama. Nenda kituo cha afya, maana unaweza kuhitaji kushonwa na kupata chanjo ya pepopunda.

Jicho likiumia, usilisugue wala usichomoe kilichoingia. Lifunike bila kulikandamiza, uende kituoni haraka.

Betri za droni ni za lithiamu. Ikitobolewa, ikigongwa au ikivimba inaweza kuwaka moto ghafla, na moshi wake ni sumu. Watoto wasiichezee, na fundi asijaribu kuifungua ili achajie simu. Ikianza kutoa moshi, ondokeni wote na mkae upande usiofuatwa na moshi. Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala asali. Kisha mpeleke kituoni.

KWA VIJANA WANAOTAKA KUJIFUNZA

Najua vijana wenzangu wengi wameipenda kazi hii, na ni kazi nzuri. Ukipata nafasi ya mafunzo, ichukue. Lakini usikubali kurusha peke yako bila kibali na bila mwalimu, hasa katika mkoa wetu, ambako droni isiyojulikana inaweza kukuletea matatizo makubwa. Kabla ya kila safari jiulize maswali haya sita:

1. Je, setilaiti zimetosha na alama ya nyumbani imewekwa?
2. Je, urefu wa kurudia unapita mnazi na mnara?
3. Je, mawasiliano yakikatika, droni yangu imepangwa kurudi, kusimama au kutua?
4. Je, upepo unavuma kutoka wapi, na betri itatosha kurudi dhidi yake?
5. Je, mapanga na betri ni vizima, bila ufa wala uvimbe?
6. Je, mahali pa kutua patabaki wazi mpaka nirudi?

Swali la sita ndilo alilolisahau yule kijana. Nafurahi kusema kwamba aliporudi safari nyingine, kitu cha kwanza alichotoa kwenye gari kilikuwa kamba. Alizungushia uwanja ulio mbali na bomba, akawaomba wazee wawili wakae pembeni kuwazuia watoto, naye hakusogea pale mpaka kazi ilipokwisha. Jua lilimchoma, lakini hakwenda mwembeni.

Bibi yangu wa foleni nilimpelekea jibu: chombo kile hurudi pale kilipoambiwa ni nyumbani, hakijui nani amehamia pale baadaye. Akacheka, akasema, "Basi mwambieni kabla hakijaondoka, na sisi mtuambie pia."

Ndugu wasomaji, naomba tushike hilo la bibi. Rubani aiandae droni kabla ya kuruka, na wakazi waandaliwe kabla ya kuiona. Mwenye swali anione au amwone mhudumu yeyote wa afya katika eneo lake. Kinga ni bora kuliko tiba.